Baragumu la Watu wa Huko

Mlimani Meru, Jumapili, 15 Juni 1913

Kwa Anaeli,

Mama ameniamuru nianze kwa ahadi, nami nimeahidi: yote atakayosema leo nitayaandika, hata yale ambayo akisomewa atataka niyafute. Mimi ni Ruti, dada yako, na mkono tu ndio wangu. Mama ameketi mlangoni, anamenya ndizi zako za njiani na kusema kwa Kimeru. Ninaandika Kiswahili kama tulivyofundishwa shuleni misheni, kwa kuwa hata huko pwani ndicho utakachokisoma. Shikamoo, kaka. Kuanzia hapa anayesema ni mama.

Mwanangu, umekwenda kuwaaga wajomba zako, na kabla hujarudi nataka karatasi hii iwe imekwisha kulala ndani ya mkoba wako. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini tangu utoke jandoni sijakukemea, na kwetu mama hamkemei mwanamume. Akiwa na neno hulipitisha kwa mjomba, mjomba hulipitisha penye pombe, na likikufikia limeshalewa. Karatasi haijui jando. Itakuambia sawasawa nilivyosema.

Sitakuambia ule nini wala uvae nini. Umelelewa, unajua. Nataka kukuambia habari ya siku ile ya ng'ombe. Wewe uliiona kutoka mlango wa boma la Wajerumani, mimi niliiona kutoka zizini, na hatujakaa hata mara moja tukaunganisha vipande vyetu. Kesho unakwenda kujifunza uaskari. Huwezi kwenda na kipande kimoja.

Siku zile nilikuwa mwanamke wa kujivuna. Nilikuwa nikipeleka maziwa sokoni chini ya boma, wake wa askari walinijua kwa jina, na nilikuwa nimeona bunduki zimepangwa ukutani kama mahindi darini. Nikirudi nyumbani niliwaambia wenzangu kwamba sasa dunia imepata mlinzi. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri mambo yalivyokuwa kabla. Kabla, ulinzi ulikuwa baragumu. Mtu akivamiwa, baragumu lilipigwa, na kila nyumba ya mlimani iliyolisikia ilitoa watu. Asiyetoka alijua kitakachompata. Mshili, mzee wa ukoo, alikuja kwake asubuhi yake, akaketi, akakubali maziwa, kisha akauliza kwa upole, "Jana ulikuwa kiziwi?" Akiondoka, aliondoka na kondoo.

Basi siku ile wanaume walikuwa wamepelekwa kutengeneza barabara ya Wadachi hao wa boma, na baba yako pamoja nao. Ukungu ulikuwa bado haujapanda. Wezi waliingia zizini asubuhi ileile, bila kujificha, kama wenye mali, wakafungua, wakaswaga. Babu yako alisikia kwato, maana macho yake yalikuwa yameshachoka lakini masikio bado, akalipiga baragumu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wewe nilikutuma ukimbie boma. Watu wakatoka, wazee na wanawake, na mbele yao Nasinyari, jirani yetu, ameshika mkuki wa mumewe.

"Tuwafuate sasa," akasema. "Nyayo bado zina maji."

"Na mikuki hiyo?" nikamwambia. "Boma wakiona watu wa Meru wanashuka na mikuki, unadhani watauliza habari za ng'ombe kwanza? Umesahau vita tulivyopigana nao? Rudini majumbani. Nimemtuma Anaeli. Askari watakuja."

"Askari wako wanajua njia ya bondeni?"

"Wana bunduki."

"Bunduki haina pua, mama Anaeli."

Lakini walinisikiliza, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikijua mambo ya boma. Waliketi hapa uani, mikuki imelazwa chini ya migomba. Tuliwasikia ng'ombe wetu wakilia bondeni, kisha wakilia mbali, kisha tukasikia ndege tu. Nasinyari hakunitukana. Alinyanyuka, akapangusa matako, akasema, "Haya, nakwenda kupika. Askari wakija mwaka huu, mniite."

Yaliyotokea upande wako ulinisimulia jioni, magoti yamechubuka na pumzi bado haijatulia. Ulisema mlangoni mwa boma ulimkuta askari mmoja, kijana, nawe ukamwambia yote, naye akakusikiliza yote, kisha akakuambia, "Mdogo wangu, humu ndani tumebaki mimi na mwenzangu mgonjwa wa homa. Wengine wako barabarani na wafungwa, wengine wamekwenda nyikani kwa ajili ya kodi, wengine wamemsindikiza bwana mkubwa. Nikiuacha mlango huu kukufuata, kesho nitafungwa nyuma yake." Ulilia uliponiambia hivyo. Ulidhani amekudanganya. Mimi pia nilidhani hivyo, maana nilikuwa nimeziona zile bunduki. Sikuwa nimewahi kujiuliza kama zina watu wa kuzibeba.

Kesho yake, jua limeshapanda, akaja askari mmoja peke yake, viatu begani, jasho linamtoka. Ndiye Farijala. Leo unamwita mjomba, lakini siku ile nilimpokea kwa maneno ambayo Ruti ananitazama sasa anauliza kama kweli ayaandike. Aandike. Nilimwambia, "Umekuja kuhesabu mavi? Zizi hilo hapo, ingia. Jana tulikuwa na ng'ombe, leo tuna nzi. Mpelekee bwana wako nzi."

Alikaa juu ya gogo, akaomba maji, akanywa. Kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao, upande wa Tabora, "Mama, nitakuambia jambo, na ukitaka kunipiga na mchi huo, nipige. Jana mimi nilikuwa karibu. Nilikuwa natoka kupeleka habari kwa akida, nikapita pale chini kivukoni. Baragumu lenu nililisikia."

"Ulilisikia?"

"Nililisikia. Kwetu baragumu la asubuhi ni la kuitana shambani. Watu hulima pamoja, kisha hunywa pombe. Nikasema moyoni, watu hawa wa Meru wana raha leo. Nikaendelea na njia yangu, mama, nikipiga mluzi."

Mwanangu, sijawahi kuona mtu mzima akijitazama miguu kama alivyojitazama yule. Na mimi hasira yangu yote, niliyokuwa nimeishika tangu jana kama mtu aliyebeba chungu kichwani, ilikosa pa kumwagikia. Maana pale tulikuwa wawili. Mmoja alilisikia baragumu lakini hakulijua. Mwingine alilijua tangu tumboni mwa mama yake, na akawaambia watu waketi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, lakini polepole, kama mtu anayezoea giza la ndani. Nilikuwa nimefikiri boma ni kama jua, likiwapo linafika kila mahali lenyewe. Kumbe boma ni watu wachache wenye viatu vibovu. Wako hapa au wako pale, na wakiwa pale hapa hawapo. Kabla yao tulikuwa na mlinzi katika kila mgomba. Wao hawakumfukuza mlinzi huyo. Tulimfukuza wenyewe siku tuliyosema, "Kuna askari sasa." Niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Babu yako alikuwa amesikia yote. Akauliza, "Huyo mgeni bado yupo?"

"Nipo, mzee."

"Njoo hapa. Leta masikio yako."

Unakumbuka mchana ule? Babu alimpigia mlio mrefu unaokatwa ghafla, akamwambia, huu ni mwizi. Akampigia mifupi inayofuatana, huu ni moto. Akampigia mmoja unaopanda kisha ukazama wenyewe, akamwambia, huu usikimbie, mtu amekufa, njoo kwa miguu ya taratibu. Farijala akaomba ajaribu baragumu lenyewe. Alipolipiga, watoto wote wa mlima huu walianguka chini kwa kicheko. "Kama ndama mwenye kikohozi!" ulisema wewe, wewe uliyekuwa na machozi jana yake. Naye akacheka, akajaribu tena, akakohoa tena kama ndama.

Hakuishia hapo. Aliporudi boma aliwafundisha wenzake kwa mdomo, bila baragumu, na wake zao waliniambia sokoni kwamba jioni nzima waume zao walikuwa wakilia kama fisi. Kisha akaja tena kwa mshili na neno lingine. "Mzee, sisi ni wachache, na wachache tutabaki. Bwana mkubwa hana nia ya kuongeza watu, ana nia ya kuongeza barabara. Lakini kama baragumu likipigwa hapa, na kilima cha pili kikalipokea, na cha tatu, mpaka juu ya mto Themi karibu na boma, mlinzi wa mlango atalisikia bila mtoto kukimbia. Na mkitoka na mikuki yenu nyuma ya mlio huo, tutajua mnamfuata mwizi. Nitamwambia effendi, mkubwa wetu, naye atamwambia bwana." Mshili akauliza, "Na mtu wa kilima cha tatu akilisikia asilipokee?" Farijala akasema, "Hapo si kazi yangu, mzee. Nasikia nyinyi mna dawa ya kondoo." Mshili akacheka mpaka akashika mbavu.

Ng'ombe wetu hawakurudi. Sitaki ufikiri ninakupamba hadithi. Kwa sababu yao baba yako alichukua kazi ya mkataba kwenye shamba la Kaburu, na mpaka leo tunamwona Jumapili tu. (Mimi Ruti: baba yuko hapa, amejilaza na kofia usoni. Anasema mama amalize upesi, ndizi zinaungua. Anasikia kila neno.) Lakini wewe ulikuwepo siku iliyofuata masika ya pili, na siku hiyo ndiyo nataka uiweke juu ya ile ya kwanza, kama jiwe la juu la kusagia.

Safari hii wezi walimwendea Nasinyari. Babu kifua chake kilikuwa kimeshaanza kukataa, akakupa wewe baragumu. Ulisimama pale penye mti wa mdodoma, nikakuona, na mlio wako wa kwanza ulivunjika katikati. Wa pili ukatoka mzima. Kilima cha wajomba kikapokea. Kisha kingine. Niliusikia mlio wako ukiondoka mlimani bila miguu, ukishuka kuelekea boma, na nilijua mahali mlango ulipo na nani anasimama hapo. Na mimi ndimi niliyetoka wa kwanza na mkuki, mkuki wa baba yako, nikapita mbele ya mlango wa Nasinyari nikimwambia, "Unapika?"

"Mwanamke wewe, kimbia!" akasema. Tukakimbia.

Bomani siku hiyo walikuwepo Farijala na mwenzake mmoja tu. Wawili. Kama wangepanda mlima kutufuata wangechelewa kama zamani. Lakini kwa kuwa walijua mlio ule ni wa nini, na unatoka upande gani, hawakuja kwetu hata kidogo. Walikwenda kivukoni, wakaketi majanini, wakangoja. Wezi walipofika mtoni, mbele yao kulikuwa na bunduki mbili, na nyuma yao ulikuwa unashuka mlima mzima. Wawili walitosha. Mpaka leo nikilala nalifikiri jambo hilo. Wawili walitosha kwa sababu hawakuwa wawili.

Ng'ombe wa Nasinyari walirudi wakinguruma kwa hasira ya kukimbizwa. Alimletea Farijala kibuyu cha maziwa, akamwambia, "Kunywa, ndama." Jina hilo halikumtoka tena.

Nakuambia haya kwa sababu naijua njia ambayo jina lako lilifika boma. Lilifika kwa mlio ule. Farijala ndiye aliyemwambia effendi kwamba yuko kijana mlimani mwenye kifua na akili. Na najua pia wanayoyasema watu tangu habari ienee. Nasinyari mwenyewe aliniuliza kisimani, "Mama Anaeli, mwanao anakwenda kuvaa kofia ya wale wanaotuchapa viboko barabarani. Atarudi atuchape na yeye?" Nilijitwika maji nikapanda, nusu yake yakanimwagikia. Kuku wetu waliochukuliwa na askari unawajua. Mgongo wa baba yako unaujua. Sitakuambia kwamba kofia hiyo ni safi. Nakuambia kwamba niliona mtu mmoja ameivaa akaketi chini, akakubali kufundishwa na mzee asiyeona, na wengine waliovaa kofia hiyohiyo wakamfuata. Ndiyo maana nimekubali uende. Kama nisingemwona Farijala, ningelala mlangoni, nawe ungenivuka.

Sasa nikuambie jambo la mwisho, ambalo hata baba yako halijui, na kofia yake naiona inasogea. Juma lililopita nilimpelekea Farijala mkungu wa ndizi. Nilimwomba aseme na effendi, ukishamaliza kujifunza huko pwani urudishwe hapa Arusha, usimame kwenye mlango ule uliokuliza, ulisikie baragumu letu, maana nani atalijua kuliko wewe? Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, boma haliweki askari kwao. Anaeli atapelekwa Lindi, au Iringa, au kwetu. Mimi mwenyewe unadhani niliomba Meru?"

"Na kwenu nani analinda?"

"Sijui. Labda mtu wa Meru." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mama yangu yuko huko na mbuzi wake. Akipiga kelele, nani anajua ni kelele za nini?"

Nilirudi na mkungu wangu. Hapana, uongo, nilimwachia. Lakini nilirudi bila lile nililokwenda kulitaka, na njia nzima nilikuwa na hasira, mpaka nilipofika kivukoni. Hapo niliketi. Nikamfikiri mama huyo wa Tabora ambaye sitamwona kamwe. Mwanawe alilipita baragumu langu akipiga mluzi, kisha akarudi akajifunza. Hakuna aliyemwamuru. Nikaona kwamba nilichokuwa nikikiomba ni wewe uwe mlinzi wangu, na kwamba huko utakakokwenda kuna mwanamke ameketi mlangoni sasa hivi, labda anamenya kitu, hajui kwamba mtu wa kumjia amezaliwa na mimi.

Kwa hiyo usiombe Arusha. Sisi tutakuwa salama kiasi. Babu ameanza kumfundisha Ruti baragumu. Wazee wawili wamenung'unika kwamba si kazi ya msichana, naye amewajibu kwamba baragumu halijawahi kuuliza mdomo ni wa nani. (Mimi Ruti naongeza, kwa ruhusa: mlio wa mwizi naupata. Wa moto bado unanishinda.)

Makosa yangu nimekupa yote. Nilidhani ulinzi ni kitu kinacholetwa na wengine, nikawaketisha watu waliokuwa tayari kusimama. Wewe utakuwa upande wa pili, upande wa wachache wenye viatu vibovu, na kosa la upande huo ni kupita karibu. Utatumwa huku na huku, utachoka, mtakuwa wachache siku zote, na siku utakayohitajika utakuwa umechelewa kidogo. Hilo sitakulaumu. Lakini usiwe umelisikia baragumu ukadhani ni la pombe.

Ruti anasema karatasi inakwisha, na ukungu umeanza kushuka, na nakusikia unakuja ukiimba njiani na wajomba zako. Watakuuliza mengi huko, nawe utajifunza kupiga saluti na kulala umevaa. Siku ya kwanza utakayofika katika nchi watakayokupa, kabla hujaulizia maji wala mahali pa kulala, mtafute mzee mmoja au mama mmoja mwenye zizi, uketi chini mbele yake na kofia mkononi, umwulize. Kisha uniandikie kwa posta ya misheni, Ruti atanisomea, nami nitakaa nikingoja barua hiyo kuliko salamu zote:

Watu wa huko, mwanangu, wakipatwa na jambo, huitanaje?